Kwa nini daraja la kaunti yetu limefungwa ilhali serikali ya shirikisho inatoa mabilioni ya fedha za barabara?

Mama Neema (Iowa), mwanzisha mada

Habari zenu ndugu zangu. Naomba wenye ujuzi wa mambo ya barabara hapa Marekani wanifafanulie jambo ambalo limenisumbua kwa miezi mingi.

Tunaishi shambani katika jimbo la Iowa, maili chache kutoka kiwanda cha nyama anakofanya kazi mume wangu. Kati ya nyumba yetu na barabara ya lami kuna kijito, na juu yake kuna daraja la zamani la boriti za chuma lenye sakafu ya mbao. Mbao zilikuwa zinalia kila gari lilipopita, na boriti ya upande wa kusini imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiinama ukingoni unaona mwanga ukipenya katikati ya chuma. Tulipohamia hapa palikuwa na kibao cha tani 10, baadaye kikawekwa cha tani 5, na Novemba iliyopita kaunti ikaja kuweka vizuizi vya zege pande zote mbili. Tangu siku hiyo basi la shule linazunguka maili 9, na mwanangu wa darasa la pili anasimama kando ya barabara saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, gizani, katika baridi ambayo wenzangu wa huku mnaifahamu. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni gari la wagonjwa, kwa sababu mama mkwe wangu anaishi nasi na ana maradhi ya moyo.

Nilihudhuria kikao cha wasimamizi wa kaunti, nikaelezwa kwa upole kwamba fedha hazipo na kwamba daraja letu liko kwenye foleni. Nilipouliza kuhusu sheria kubwa ya miundombinu iliyosainiwa mwaka 2021, nikajibiwa kwamba fedha za shirikisho haziji kaunti kama fedha mkononi. Sikuelewa maana ya jibu hilo, na niliona haya kuendelea kuuliza mbele ya watu.

Nyumbani Kigoma nilizoea kwamba barabara kuu ni za TANROADS na zile za vijijini ni za TARURA, na vyombo vyote viwili ni vya serikali ileile. Hapa sijui hata nimwendee nani. Je, serikali ya shirikisho inajenga barabara yenyewe, au inawapa fedha wengine? Na ikiwa inawapa wengine, fedha hizo zinafikaje kwenye daraja dogo kama letu, na raia wa kawaida anaweza kusogeza jambo hili kwa njia gani?

Mhandisi wa Mlimani

Pole sana Mama Neema, na hukuwa na sababu ya kuona haya, kwa maana swali lako ni lile ambalo hata wahandisi wapya tunaowaajiri hawalijibu vizuri. Nimefanya kazi ya usanifu wa madaraja kwa kaunti na majimbo ya ukanda huu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajaribu kulieleza kadiri ninavyoliona kazini.

Jambo la kwanza ni kwamba serikali ya shirikisho haimiliki barabara unazozitumia. Marekani ina zaidi ya maili milioni 4 za barabara za umma, na takriban robo tatu ya maili hizo ziko mikononi mwa kaunti, miji na vitongoji. Hata barabara kuu za kuvuka majimbo, zile zenye ngao ya buluu na nyekundu, ni mali ya majimbo. Chombo cha shirikisho kinachohusika, ambacho kwa kifupi chake huitwa FHWA, kiko chini ya Wizara ya Uchukuzi na kina ofisi katika kila jimbo, lakini ofisi hizo hazina magreda wala wakandarasi. Kazi yao ni kugawa fedha kwa mujibu wa sheria, kuidhinisha miradi, kuweka viwango na kukagua. Mpangilio huu umeanza zamani: sheria ya mwaka 1916 ilitenga dola milioni 75 kwa miaka mitano, ikataka kila jimbo liwe na idara yake ya barabara, na jimbo lichangie nusu ya gharama. Tangu wakati huo serikali ya shirikisho imebaki kuwa mchangiaji mwenye masharti, na mjenzi ni jimbo au kaunti.

Jambo la pili ndilo lile ulilojibiwa kikaoni, na huyo msimamizi alikuwa na haki. Fedha hizi ni ahadi ya kurejesha gharama. Kila Oktoba 1, mwaka wa fedha unapoanza, jimbo linaarifiwa kiasi ambacho linaruhusiwa kukitumia katika kila fungu. Hakuna fedha zinazoingia benki siku hiyo. Jimbo, au kaunti kupitia jimbo, huandaa mradi, hupeleka maombi, na FHWA ikiridhika hutia saini makubaliano ya mradi huo. Kuanzia hapo mkandarasi anafanya kazi, mwenye mradi anamlipa, kisha hati ya madai inapelekwa juu ili sehemu ya shirikisho irejeshwe. Sehemu hiyo kwa kawaida ni asilimia 80 ya gharama, na asilimia 90 kwa barabara kuu za kuvuka majimbo. Zingatia neno "kuanzia hapo". Kazi iliyofanyika kabla ya idhini, kwa kawaida, hairejeshewi fedha, hata ikiwa ilifanyika vizuri na kwa dharura ya kweli. Nimeona kaunti iliyoharakisha kuchimba msingi kwa nia njema ikabeba gharama ile yote peke yake.

Sasa kuhusu daraja lako. Sheria ya 2021 iliunda mfuko maalumu wa madaraja wa dola bilioni 27.5 kwa miaka mitano, unaogawiwa majimbo yote, na asilimia 15 ya mgawo wa kila jimbo imetengwa kwa ajili ya madaraja yaliyo nje ya mtandao wa barabara zinazostahili msaada wa kawaida wa shirikisho, yaani barabara ndogo za vijijini kama yako. Tena, daraja la aina hiyo likiwa ni mali ya kaunti au mji, sehemu ya shirikisho katika mfuko huo inaweza kufika asilimia 100. Kwa kaunti maskini hili ni jambo kubwa mno, kwa sababu ile asilimia 20 ndiyo iliyokuwa ikizifungia mlango.

Kabla hujaenda mbali, ningependa upime urefu wa daraja hilo. Kwa kanuni za shirikisho, daraja ni kile kivuko chenye urefu unaozidi futi 20. Kikiwa na futi 19 hakihesabiwi kuwa daraja, hakimo katika daftari la taifa la madaraja, na hakiguswi na fedha za madaraja hata kiwe kinabeba basi la shule kila siku. Kikizidi futi 20, basi kimo katika daftari hilo pamoja na madaraja mengine zaidi ya 620,000, na taarifa zake ziko wazi kwa umma kwenye intaneti. Utakuta sakafu, boriti na nguzo zimepewa alama kuanzia 0 hadi 9. Alama ya 4 kushuka chini kwa sehemu yoyote kati ya hizo inaliweka daraja zima katika kundi la hali mbaya, na Iowa kwa miaka mingi imekuwa mstari wa mbele kwa wingi wa madaraja ya kundi hilo. Ukaguzi huo, ambao kwa madaraja mengi hufanyika kila baada ya miezi 24, ulianza baada ya Desemba 15, 1967, daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio lilipoanguka saa za msongamano wa jioni na kuua watu 46. Vizuizi vya zege unavyoviona vinatokana na kanuni hizohizo, kwa kuwa daraja lisiloweza kubeba hata tani 3 ni lazima lifungwe. Najua vinakuumiza, lakini aliyeviweka alilinda maisha yenu.

Dereva wa Masafa

Mama Neema, poleni sana na familia. Naomba kuongeza upande wa chanzo cha fedha, kwa maana sisi madereva wa malori tunazilipa kila siku na wengi wetu hatujui zinakwenda wapi.

Sehemu kubwa ya fedha za shirikisho za barabara hutoka kwenye Mfuko wa Barabara Kuu ulioanzishwa mwaka 1956, wakati Rais Eisenhower aliposaini sheria ya kujenga mtandao wa barabara za kuvuka majimbo. Kila galoni ya petroli ina kodi ya shirikisho ya senti 18.4, na kila galoni ya dizeli senti 24.4. Mimi nina lori langu mwenyewe, na mbali na dizeli hulipa pia kodi ya mwaka ya magari mazito, ile tunayoijaza katika fomu namba 2290, ambayo kwa lori la uzito wangu ni dola 550. Lori jipya nalo lina kodi ya asilimia 12 linaponunuliwa. Ninalipa bila kinyongo, kwa kuwa ninajua lori lenye ratili 80,000 linafanya nini kwenye lami.

Tatizo ni kwamba viwango hivyo vya mafuta havijabadilika tangu mwaka 1993. Bei ya saruji, chuma na vibarua imepanda, magari yanakwenda maili nyingi zaidi kwa galoni moja, na gari la umeme halilipi senti hata moja ya kodi hiyo ya shirikisho. Kuanzia 2008 Bunge limekuwa likichota fedha kutoka hazina ya jumla ili mfuko usikauke, na sheria ya 2021 peke yake iliuongezea dola bilioni 118. Kwa hiyo mtu akikwambia fedha hazitoshi, sehemu ya maneno yake ni kweli, kwa sababu kodi iliyokadiriwa kwa gharama za zaidi ya miaka 30 iliyopita ndiyo inayotegemewa kujenga leo.

Kuna jambo jingine ambalo ni vema ulijue. Serikali ya shirikisho hutumia fedha hizi pia kuyavuta majimbo kwenye sera inazozitaka. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria kwamba jimbo litakaloruhusu vijana walio chini ya miaka 21 kununua pombe litapunguziwa mgawo wake wa barabara. Jimbo la South Dakota likaenda mahakamani, likashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1987, na majimbo yote yakafuata. Kwa maoni yangu sheria hiyo imeokoa vijana wengi barabarani, lakini inaonyesha kwamba msaada huu una mkono mrefu.

Karani wa Barabara

Shikamoo Mhandisi, na pole dada yangu Mama Neema. Nimefanya kazi ya uhasibu katika ofisi ya barabara ya kaunti ndogo, si Iowa, na ningependa kueleza kile kinachotokea mezani, kwa sababu hapo ndipo ahadi ile ya kurejeshewa inapogeuka kuwa miezi na miaka.

Mradi wowote wenye dola ya shirikisho ndani yake unafuata taratibu zote za shirikisho. Kwanza kuna mapitio ya mazingira chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1970. Daraja dogo linalojengwa palepale lilipokuwa kwa kawaida hupita katika njia fupi ya mapitio hayo, lakini hata njia fupi ina maswali yake. Kwa mfano, miti iliyo kando ya kijito inaweza kuwa makazi ya popo wa Indiana, ambaye yuko katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na katika maeneo yake miti haikatwi majira ya joto wakati popo wanalea. Ofisi ikichelewa wiki tatu kupata kibali mwezi Machi, kazi ya kukata miti inasogea mpaka Oktoba. Watu waliona msumeno umelala wakasema kaunti ni wavivu, na sikuwa na namna ya kumweleza kila mmoja.

Pili ni ardhi. Ukihitaji hata futi 15 za shamba la mtu, sheria ya 1970 kuhusu utwaaji wa mali inataka tathmini ifanyike, mwenye shamba apewe bei ya haki kwa maandishi, na asishinikizwe. Ninaiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, kwa kuwa kabla yake barabara kuu zilipitishwa katikati ya mitaa ya watu weusi na ya maskini katika miji mingi, na waliobomolewa hawakuwa na ulinzi wa namna hiyo. Tatu ni chuma, ambacho lazima kiwe kimeyeyushwa na kutengenezwa Marekani, na mkandarasi alete hati za kiwanda cha chuma kuthibitisha.

Nne ni karatasi za malipo. Katika mradi mmoja wa barabara ya lami tuliousimamia, mkandarasi alitakiwa kuleta kila wiki orodha ya mishahara iliyothibitishwa kwa saini. Tulilipa ankara yake, tukatuma madai, na madai yakarudi kwa sababu orodha ya wiki moja haikuwa na saini. Mwenye kusaini alikuwa ameacha kazi. Tulikaa karibu miezi miwili tukifuatilia saini ile, huku kaunti ikiwa imekwisha kutoa fedha zake na malipo ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani majira ya baridi yakisubiri. Kaunti tajiri haihisi pengo la namna hiyo, ila yetu ilibidi ikope benki. Ndiyo maana dada yangu nakuambia kwamba kaunti kusema haina fedha, na serikali ya shirikisho kusema fedha zipo, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa siku moja.

Baadhi ya majimbo yametambua mzigo huu. Kansas na Nebraska zimekuwa na utaratibu wa kubadilishana, ambapo jimbo linachukua mgawo wa shirikisho wa kaunti na kuutumia kwenye barabara zake kubwa, kisha linaipa kaunti fedha za jimbo zisizo na masharti hayo, na Iowa nayo iliruhusu mabadilishano ya aina hiyo. Muulize mhandisi wa kaunti yako kama daraja lenu liko katika njia hiyo au katika njia ya shirikisho, kwa kuwa jibu lake litakueleza mengi kuhusu muda.

Msaada mwingine ambao hautajwi sana ni wa ujuzi. FHWA inachangia vituo vya mafunzo kwa watumishi wa barabara za vijijini katika kila jimbo, na cha Iowa kiko katika Chuo Kikuu cha Iowa State, mjini Ames. Mimi mwenyewe nilijifunza kuandaa madai katika kituo cha jimbo letu, nikiwa nimekaa na madereva wa greda waliokuja kujifunza kuweka mgongo wa barabara ya changarawe ili maji yashuke pembeni. Baada ya mafunzo yale madai yetu hayakurudi tena kwa ajili ya saini.

Mama Neema (Iowa)

Mungu awabariki wote. Jumamosi tulikwenda na mume wangu na futi ya kupimia, tukapima kutoka kingo hadi kingo, na daraja lina futi 31. Nililitafuta katika daftari la taifa nikalipata, na boriti zake zina alama 3. Jumatatu nikampigia simu mhandisi wa kaunti, ambaye alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alisema daraja letu limo katika mpango wa kaunti wa miaka mitano, katika mwaka wa tatu, na kwamba wanatarajia kutumia ule mfuko wa madaraja wa shirikisho. Nilimweleza kuhusu basi la shule na mgonjwa wetu, akasema umbali wa mzunguko huwa wanauzingatia, ila hakuwa na habari kwamba nyumba tano zilizo upande wetu sasa zina watoto 11 wa shule, kwa sababu wengi tumehamia karibuni.

Nina swali moja lililobaki kwa Mhandisi. Nimesoma kwamba sheria ya 2021 iliwekewa muda hadi Septemba 30, 2026. Ikiwa daraja letu liko mwaka wa tatu, je, fedha hizo hazitakuwa zimekwisha?

Mhandisi wa Mlimani

Umefanya kazi ambayo hata ofisi nyingi hazifanyi, Mama Neema. Hapana, hazifutwi siku hiyo. Mgawo wa kila mwaka wa mfuko huo unaweza kufungwa kwenye mradi katika mwaka wake na miaka mitatu inayofuata, kwa hiyo fedha za mwaka wa fedha wa 2026 zinaweza kuidhinishiwa mradi hadi Septemba 30, 2029. Sharti ni mradi uwe tayari kuidhinishwa, na hapo ndipo kaunti nyingi hukwama: fedha zipo ndani ya muda, michoro haipo.

Mpango wa miaka mitano hupitishwa upya kila mwaka, na wasimamizi hukaa kikao cha wazi kuujadili. Nenda na majirani wa zile nyumba tano, mkiwa na idadi ya watoto na maili 9 kwa maandishi, na ombeni mambo mawili tu: daraja lisogezwe mbele mwaka mmoja, na usanifu pamoja na mapitio ya mazingira vianze sasa badala ya kusubiri mwaka wa ujenzi. Mwulizeni mhandisi kama kando ya kijito kuna miti itakayokatwa. Ikiwa ipo, kibali chake kinapaswa kuwa mkononi kabla ya Oktoba, ili miti iondolewe majira ya baridi na mkandarasi aingie theluji ikiyeyuka.